Fundi anayepima kabla ya kufungua: tathmini ya karakana ya nozeli na pampu za dizeli, Nakuru

Kwa muda wa miezi mitatu mwaka jana, pikapu yangu, Toyota Hilux yenye injini ya lita 3 ya aina iitwayo 5L, isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), ilikuwa ikitoa moshi mweusi kila nilipopanda kutoka Njoro kwenda Mau Narok, na asubuhi za baridi ilikuwa ikiwaka kwa shida huku ikifuka moshi mweupe uliowafanya majirani wafunge madirisha. Gari hili nalitegemea kila siku: hunifikisha shuleni, hubeba viazi na kabichi siku za soko, na ndilo humpeleka mama kliniki. Gereji ya kwanza niliyoiendea iliisikiliza injini kwa dakika tano, ikasema pampu ya dizeli imekufa, ikanipa makadirio ya shilingi 48,000. Sikuwa na pesa hizo, na kwa sababu hiyo tu nikaanza kuulizauliza, hadi dereva mmoja wa lori la maziwa akanielekeza kwenye karakana ninayoiandikia tathmini hii.

Iko katika eneo la viwanda la Nakuru, upande wa reli, nyuma ya ua wa mabati, na haina bango. Mwenyewe, ambaye ni mzee, ameniomba nisitaje jina lake wala nambari yake ya simu, kwa kuwa kazi aliyo nayo inamjaa mikononi, nami nimeliheshimu ombi hilo. Anayehitaji kufika aulize madereva wa malori kwa fundi wa nozeli, wengi watamwelekeza. Ndani kuna mafundi watatu, meza iliyofunikwa bati safi, mashine ya kupimia pampu, na kifaa cha mkono cha kupimia nozeli chenye saa ya shinikizo.

Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba mzee huyo hakushika spana. Aliniuliza nanunua wapi dizeli, mara ya mwisho nilitoa maji kwenye filta lini, na kama moshi mweusi huja hata nikiwa kwenye barabara tambarare. Swali la pili lilinitahayarisha, kwa maana sikuwahi kutoa maji hayo tangu nilinunue gari. Kisha akafungua sanduku la filta ya hewa, akaitoa filta na kuigonga polepole juu ya gazeti. Vumbi lililomwagika lingejaza kikombe cha chai.

"Mlima una sehemu yake, mwalimu," aliniambia, "kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi na injini yako haina turbo. Lakini mlima peke yake hauleti moshi huu wote."

Maelezo yake yaliyofuata ndiyo yaliyonisaidia kuelewa gari langu. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka ikawa na joto kali, ndipo nozeli hunyunyiza dizeli na dizeli hiyo ikawaka yenyewe. Kwa hiyo kila kitu kinategemea mambo mawili, hewa ya kutosha na mnyunyizo mzuri. Hewa ikipungua, au dizeli ikiingia kwa matone badala ya ukungu, sehemu yake haiungui sawasawa na hutoka kama moshi mweusi. Moshi mweupe wa asubuhi ni dizeli ambayo haikuwaka kabisa kwa sababu silinda bado ni baridi, na hapo mtuhumiwa wa kwanza huwa hita plagi, vijiti vya umeme vinavyopasha silinda joto wakati wa kuwasha. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na huo, namshukuru Mungu, sikuwa nao.

Injini ikiwa inanguruma taratibu, alilegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza kidogo tu, mlio ukabadilika na injini ikatetemeka, akaikaza. Ya pili vivyo hivyo. Alipolegeza ya tatu, hapakuwa na tofauti yoyote: silinda hiyo ilikuwa ikibebwa na wenzake. Alinionya kwa ukali kwamba mtu asithubutu kufanya jaribio hilo kwenye injini za kisasa za kamonreli, yaani zenye bomba moja la pamoja linalolisha nozeli zote chini ya udhibiti wa kompyuta, ambazo shinikizo la dizeli kwenye mabomba yake huweza kupita bar 1,500, kwa kuwa dizeli ya shinikizo hilo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Hata kwenye kifaa cha mezani hakuniruhusu kusogeza kidole karibu na ncha ya nozeli.

Kifaa hicho cha mezani ndicho kiini cha huduma ninayoisifu. Kila nozeli hufungwa juu ya chupa ya kioo, fundi akabonyeza mkono wa kifaa polepole, na mwenye gari anasimama pale pale akitazama saa na kusikiliza. Nozeli nzima hufunguka karibu na bar 150 kwa injini hii, hutoa ukungu mwembamba wenye umbo la koni, na hulia mlio wa kukwaruza unaoashiria kwamba sindano ya ndani inafunguka na kufunga kwa kasi. Yangu ya kwanza ilifunguka kwa bar 120, ya pili 125, ya nne 120. Ya tatu ilifunguka kwa 95 bila mlio wowote. Ilitoa mchirizi mmoja ulionyooka kama wa bomba la maji, na baada ya mkono kuachiliwa, tone liliendelea kuning'inia kwenye ncha yake, likakua, likadondoka. Sikuhitaji kueleweshwa zaidi ya hapo. Tone hilo ndilo lililokuwa likigeuka moshi kila nilipopanda mlima.

Pampu aliikagua, akasema haina neno. Ningelipa zile shilingi 48,000, moshi ungebaki pale pale.

Kuhusu spea, hapa ndipo uadilifu wake ulipoonekana wazi. Alileta ncha mbili za nozeli zilizokuwa kwenye visanduku vinavyokaribia kufanana, akaziosha kwa dizeli safi, akavuta sindano ya kila moja nje kwa kiasi cha theluthi moja, kisha akaiachilia. Ya kwanza iliteremka yenyewe, taratibu, mpaka mwisho. Ya pili ilishuka nusu na kukwama. Akaniambia nichague kwa macho yangu mwenyewe, na tofauti ya bei ilikuwa shilingi 600 kwa kila ncha. Jaribio hilo halihitaji mashine wala umeme, na naamini kila muuza spea angeweza kumfanyia mteja wake pale kaunta.

Baada ya kubadilisha ncha, alirekebisha shinikizo kwa kuweka shimu, yaani kibati chembamba cha kujazia nafasi, juu ya springi ya kila nozeli, akipima na kufungua tena mpaka zote nne zikafika bar 150. Kazi hii ilimchukua karibu saa tatu. Ni kazi ya uvumilivu ambayo gereji nyingi huiruka, zikafunga ncha mpya kama zilivyotoka kwenye kisanduku. Aliporudisha nozeli kwenye injini alitumia washa mpya (vipete vya kuzibia), akakaza kwa spana inayopima nguvu. Hita plagi alizipima kwa mita, akakuta mbili kati ya nne zimekufa.

Gharama yote ilikuwa hivi: kupima nozeli shilingi 2,000, ncha nne 7,600, washa 400, hita plagi mbili 1,800, filta ya dizeli 850, filta ya hewa 1,200, na ufundi 3,500. Jumla ni shilingi 17,350. Si pesa kidogo kwa mshahara wa mwalimu, lakini kila shilingi niliiona ilipokwenda, na spea kuukuu nilikabidhiwa kwenye karatasi bila kuziomba. Tangu siku hiyo injini huwaka kwa mara moja hata katika baridi ya mwezi wa saba, na gari ambalo lilikuwa likinipa kilomita 8 kwa lita sasa linanipa karibu 10 nikiwa na mzigo wa wastani. Moshi mweusi haujaisha kabisa ninapopanda na magunia, na mzee alinitayarisha kwa hilo mapema, ila sasa ni kivuli tu ukilinganisha na zamani.

Kilichoharibu nozeli zangu, kwa maoni yake, ni dizeli chafu na maji. Kenya hutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni tangu mwaka 2015, kwa hiyo inayotoka kwenye bohari ni nzuri. Tatizo huingia baadaye, ikichanganywa na mafuta ya taa au ikikaa kwenye matangi yenye maji. Ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliowekwa kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ulikusudiwa hasa kuondoa faida ya kuchanganya, lakini mwenye gari hana budi kujilinda. Pampu ya aina yangu hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulaini huo, hivyo vyuma husagana. Kuhusu maji, alinieleza kwamba usiku wa baridi wa Njoro hufanya unyevu wa hewa iliyo ndani ya tangi lisilojaa ugeuke matone. Tangu hapo hujaza tangi jioni badala ya asubuhi.

Vilevile alinifundisha kutoa maji mwenyewe, na sasa nafanya hivyo kila baada ya wiki mbili kabla ya kuwasha injini. Naweka mkebe chini ya filta, nalegeza koki iliyo kitakoni mwake, nabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta, na kuangalia kinachotoka. Mara ya kwanza yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi, yakiwa yamejitenga chini ya dizeli ndani ya mkebe, kiasi cha vijiko vinne hivi. Siku hizi hutoka dizeli safi tangu mbonyezo wa pili. Ni shughuli ya dakika tano, na ninasikitika kwamba nilimiliki gari la dizeli kwa miaka minne bila mtu yeyote, akiwemo aliyeniuzia, kunionyesha koki hiyo.

Karakana hii ina upungufu ambao mteja mpya anapaswa kuujua. Hufungwa Jumamosi kwa sababu ya ibada ya mwenyewe, ingawa hufunguliwa Jumapili, jambo linalotufaa sisi tunaofanya kazi siku za wiki. Hakuna mahali pa kukaa zaidi ya benchi moja kando ya ukuta, na jua la adhuhuri hulifikia. Foleni ni ndefu. Mimi niliacha gari siku mbili. Risiti huandikwa kwa mkono na lazima uiombe. Nilimwambia wazi kwamba risiti ingefaa itolewe kwa kila mteja, maana ndiyo kinga ya pande zote mbili, akakubali, na safari iliyofuata nilipewa bila kuuliza.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba hana mashine ya kupimia injekta za kamonreli. Jirani yangu aliyekwenda na gari la aina hiyo alirudishwa getini kwa maneno ya heshima na kuelekezwa kwingine, na alikasirika kwa kupoteza asubuhi yake. Namwelewa, lakini pia sioni vibaya fundi kukataa kazi ambayo hana kipimo chake. Injekta hizo hudhibitiwa na kompyuta, na atakayezifungua kwa mazoea ya nozeli za zamani ataziua zote. Kwa hiyo pendekezo langu ni kwa wenye Hilux za zamani, matatu za dizeli, trekta, na malori madogo yenye pampu isiyo ya kompyuta. Wenye magari mapya wapige hodi kwingine.

Kabla sijaondoka, mzee alikata kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, akaandika kwa kalamu tarehe, kilomita 214,300, na nambari nne za shinikizo, akakibandika ndani ya kifuniko cha filta ya hewa. Fundi yeyote atakayefungua pale ataona injini ilivyokuwa. Chini yake aliandika swali moja: mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini? Huo ndio mkanda unaofanya vali na pistoni ziende kwa mpangilio. Sikuwa na jibu. Mkanda wa injini hii hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kwa kuhesabu kilomita tu, haijui hali ya mkanda wenyewe. Aliyeniuzia angeweza kuizima bila kubadilisha chochote. Mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni na kichwa cha injini huharibika. Nimeweka miadi ya Jumapili ya kwanza baada ya shule kufungwa, na nimeagizwa nije na mkanda pamoja na beringi ya kuukazia, vyote vikiwa bado ndani ya visanduku vyake, ili tuvikague pamoja mezani kabla ya kufungua kitu.