Jua la alasiri na maua ya kudumu: ununue lipi kwanza?

Usiende kununua maua asubuhi. Saa tatu kila mche kitaluni umeshamwagiliwa, majani yanang'aa, na hakuna usioonekana mzuri. Nenda saa tisa alasiri, jua likiwa limekaza. Mche uliolegea majani huku udongo wake bado una maji hautadumu kwako. Uliosimama nje ya neti ya kivuli na maua yake hayajanywea, huo ndio wa kuulizia bei.

Nasema hivi kwa sababu baraza yetu hapa Dar es Salaam inatazama magharibi. Jua linaingia saa saba mchana na haliondoki mpaka linazama, na ukuta wa tofali unaendelea kutoa joto hata baada ya Isha. Pale wamekufa mawaridi matatu, iksora moja na mkilua niliouhangaikia kama mtoto. Nilikuwa nanunua kwa macho. Siku hizi nanunua kwa saa za jua, na huu ndio mpangilio wangu wa maua yanayokaa miaka.

La kwanza, bila kusita, ni bogonvilia. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini ukitembea mtaa wowote wa Dar, Tanga au Mombasa utaiona imeparamia kuta kama mwenyeji. Tunachokiita ua ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kitu chembamba cheupe kilicho katikati. Ndiyo maana rangi haichakai upesi juani kama petali laini za waridi. Mmea huu unalitaka jua: uuweke kivulini upate majani matupu. Hata maji yakizidi unaota majani na kusahau kuchanua, kwa hiyo ukishashika mizizi, acha udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena.

Bogonvilia inunue ikiwa na maua. Ikiwa majani tu, huna namna ya kuhakikisha rangi unayoambiwa, na mwenzio nilisubiri nyeupe miezi mingi ikaja zambarau. Chagua yenye shina gumu unene wa kidole kuliko ndefu iliyofungwa kwenye kijiti. Siku ya kupanda usiuvute mche kutoka kwenye kiriba, yaani kile kifuko cha plastiki ulimooteshwa. Kichane kiriba kwa wembe uushushe na udongo wake, kwani mizizi yake haipendi kuguswa. Na ina miiba, basi isikae kwenye njia ya watoto.

Kama huna ardhi, una vyungu tu, nafasi ya kwanza ichukuliwe na waridi la jangwani, ambalo wauzaji wengi wanaliita adeniamu. Hili ni la kwetu: linaota lenyewe kwenye nyika kavu za Kenya na Tanzania, na ng'ambo huko Yemen na Oman. Maji yake limeyaweka kwenye shina lililovimba, kwa hiyo wiki ya kusahauliwa halioni taabu. Hilo shina ndilo la kukagua. Libonyeze kwa kidole gumba chini karibu na udongo. Likiwa gumu, nunua, na likibonyea kama papai lililoiva, limeshaoza ndani na hakuna dawa itakayolirudisha. Miche ya kubebeshwa, yaani tawi la mmea mmoja lililounganishwa kwenye shina la mwingine, hutoa maua yaliyojaa na bei yake huwa juu. Ile ya mbegu ni nafuu na shina lake huwa na umbo zuri zaidi, ila rangi ya ua hutaijua mpaka lichanue. Masika ikianza, lisogeze chini ya paa. Utomvu wake ni sumu, wawindaji wa zamani waliupaka kwenye mishale, kwa hiyo nawa mikono baada ya kulipogoa.

La tatu ni asumini, na hapa moyo wangu unaingia. Mtu wa pwani kuwa na baraza isiyonukia asumini wakati wa Magharibi ni kujinyima. Jua inalimudu, na mahali penye jua inachanua zaidi, lakini haivumilii kiu kama hizo mbili: miezi ya Desemba hadi Machi inataka maji kila siku na matandazo mazito ya majani makavu. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo ipogoe bila huruma kila awamu ya maua ikiisha. Tumba zichume alasiri, zitafunguka usiku kwenye kikuba au kwenye sahani pembeni ya mto wa kulalia. Kabla ya kutoa pesa, muulize jirani. Kipande cha tawi kinashika mizizi, na asumini ya kupewa haina bei.

Fedha ikiwa ndogo kabisa, chukua vinka. Inatoka Madagaska, inajipanda yenyewe kwa mbegu, na kinachoiua ni udongo unaotuama maji. Usiichemshe ukanywa: dawa za saratani zinazotokana na mmea huu hupimwa na hospitali kwa uangalifu mkubwa. Plambago ya buluu nayo inafaa kwa ua wa kuzungukia, mradi una nafasi.

Iksora inasifiwa sana vitaluni, nami naipenda, lakini inataka udongo wenye asidi. Ukiwa juu ya mawe ya matumbawe, au kando ya ukuta ambako mafundi walifukia mabaki ya saruji, majani yatageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hapo shida si jua, ni udongo unaoinyima madini ya chuma. Mkilua nao ni mti wa chini ya msitu. Uupande upande wa mashariki, chini ya mwembe. Lantana usinunue hata kwa bei ya kutupa. Inasambaa mashambani na inawadhuru mifugo.

Siku ya kununua, geuza kiriba utazame chini: mizizi michache myeupe inayochungulia ni dalili njema, mizizi iliyojizungusha kama kamba ni mche uliokaa mno. Kisha uliza ulikuwa umewekwa wapi. Kama ulikuwa chini ya neti, usiupeleke moja kwa moja kwenye ukuta wa magharibi. Panda mwanzoni mwa masika, mwagilia alfajiri, na chomeka kuti la mnazi upande jua linakotua. Baada ya wiki moja punguza majani ya kuti hilo kidogo kidogo, na wiki ya pili ikiisha ling'oe jioni, jua likishazama, ili mche uamke kesho yake ukiwa umepumzika.