Pangaboi la inchi 56: dawa ya kisirani cha kaskazi

Kuanzia Desemba hadi Machi mwanzoni, kaskazi ikivuma, Dar es Salaam hulala kwenye fukuto. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 25 hivi tu, na hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho halikauki. Usingizi mzuri huja mwili unapopoa. Usipopoa, mtu hugaragara hadi alfajiri akaamka na kisirani, akamfokea mtoto aliyemwaga chai. Kwa hiyo pangaboi tunalipima kwa usingizi linaloleta. Urembo wa mapanga yake si hoja.

Kwa chumba cha futi 12 kwa 12, tunapendekeza la inchi 56 lenye mapanga matatu ya chuma. Halipoozi chumba, hufukuza hewa nzito iliyoganda juu ya ngozi ili jasho likauke. Ukitoka, lizime, maana chumba kitupu hakina jasho la kukausha. La kawaida hula wati 70 hadi 80, yaani usiku wa saa 8 ni kama yuniti 0.6 za Luku. Lenye mota ya BLDC, aina inayobana umeme, hula wati 30 hivi, ila bei yake imechangamka, na saketi yake ikiungua si kila fundi wa mtaani ataiweza.

Wengi huharibu kwenye kufunga. Mapanga yawe juu ya mita 2.1 kutoka sakafuni, na yaachane na dari kwa sentimita 25 hadi 30. Yakikaribia dari mno hayana hewa ya kuvuta, na chini utapata upepo hafifu hata kasi ikiwa ya mwisho. Kulabu ishike zege au boriti. Jipsamu haibebi mota inayotetemeka usiku kucha, hata fundi akikuapia. Likiyumba, kaza kwanza skrubu za mapanga, kisha pima umbali wa kila ncha hadi dari: panga lililopinda kidogo tu linatosha kulifanya liyumbe. Mapanga hulinganishwa uzito kwa seti, hivyo moja likiharibika badilisha yote matatu.

Likianza kuzunguka kivivu, au likingoja lisukumwe kwa fimbo, shuku kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Zima swichi kuu, soma namba iliyoandikwa juu yake (mara nyingi mikrofaradi 2.5) na ununue ya namba hiyohiyo. Fundi akitangaza kuwa mota imekufa kabla hajaijaribu kapasita mpya, mzuie.

Kasoro yake kubwa ni chandarua, kwani neti hukata sehemu kubwa ya upepo. Usikivue kwa sababu ya joto. Malaria haina likizo. Achana na cha duara, ambacho huning'inizwa katikati ya dari palepale penye pangaboi. Chukua cha pembe nne, kitanda kikae chini ya mapanga, na paa la neti libaki mbali nayo lisinaswe.

Nyumba ya bati isiyo na dari ni habari nyingine. Jioni pangaboi litakushushia joto lote lililokusanyika chini ya bati. Humo, na kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa, feni ya kusimama ya inchi 16 ni bora: jua likishazama iweke dirishani ikivuta hewa ya nje, na dirisha la upande wa pili liwe wazi.