Gurudumu la mti mbichi, halafu fundi ananiambia nimtume bwana

Jamani mimi nina hasira mpaka leo. Kuna fundi wa chukudu, ile skuta ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, hapa Goma, jina siweki, msimu uliopita wa viazi nilimlipa pesa yote mkononi amtengenezee mdogo wangu chukudu mpya, ya kushusha viazi na kabichi kutoka Kibumba. Mwili wake sina neno, mkaratusi umenyooka, usukani umekaa vizuri, pale pa kuweka goti pamefungwa raba nzito. Shida ni gurudumu. Tulikubaliana mti wa mumba, mkavu, na hilo neno mkavu nililirudia mbele ya vijana wake wote. Jua kupiga kidogo tu, tundu la beringi likaanza kulegea, beringi inachezacheza ndani, misumari ya raba ya tairi inang'oka yenyewe, halafu siku moja kwenye mteremko, mzigo umejaa, gurudumu la mbele likapasuka kufuata nyuzi za mti, vipande viwili! Viazi vikamwagika kwenye mawe ya volkano, mdogo wangu akachunika mkono mzima, ni Mungu tu. Anayejua mbao akishika kile kipande anaona mara moja, ulichongwa mbichi ukaja kukaukia barabarani.

Nikampelekea. Hata kukiangalia hakukiangalia. "Mama, chukudu ni mambo ya wanaume, mutume bwana yako akuje tuongee." Mimi! Wakati anahesabu dola zangu mbona hakuuliza bwana yuko wapi? Mji huu umemsimamishia mtu wa chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu pale ronpwe, kwenye mzunguko wa barabara, tangu 2009, na nani anazijazia hizo chukudu mizigo kama si sisi wamama wa soko?

Papa mwingine, fundi mzee, ndiye kanisaidia. Alinionyesha mbao zake zinavyokaushwa kivulini, akachonga, akatoboa tundu la kubana, akaipigilia beringi mpaka ikang'ang'ania. Gurudumu lile halitikisiki.

Sasa watu wananiuliza yule wa kwanza waende ama wasiende. Kwa mwili wa chukudu, haki ya Mungu, sijaona mwingine unaovumilia mzigo hivyo, kwa hiyo ukitaka mwili nenda, magurudumu tafuta kwingine... hapana, nikikumbuka ile sauti yake, hapana, msimpe hata feranga moja mpaka arudishe pesa ya gurudumu na aniombe msamaha mimi mwenyewe, si bwana yangu.