Beseni la kuoshea santuri kwa mkono: uzoefu wangu

Mwenye kukusanya santuri za mitumba atalipenda beseni hili. Mwenye santuri chache, tena mpya, asijisumbue. Brashi kavu ya nyuzi za kaboni inamtosha.

Halina mota wala umeme. Ni chombo chembamba cha plastiki chenye brashi mbili zinazotazamana na vigurudumu viwili vya kubeba santuri. Santuri inasimama wima, mifereji (ile mistari myembamba inayobeba sauti) ya sehemu ya chini inazama, lebo inabaki juu ya maji. Vigurudumu huhamishwa kulingana na ukubwa: inchi 12, 10 au 7. Ukiweka ya inchi 7 kwenye nafasi ya inchi 12, itazama hadi lebo ilowe.

Tumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa kuwa maji tena. Ya bomba yana chokaa, na yakikauka chokaa hiyo hubaki ndani ya mifereji. Lowesha brashi za beseni kwanza, kisha pangusa vumbi la juu kwa ile brashi kavu ya nyuzi za kaboni kabla ya kuitumbukiza santuri, la sivyo maji yatageuka tope upesi. Zungusha mara tatu mbele, mara tatu nyuma. Zenye ukungu zioshwe mwisho, halafu maji yamwagwe na brashi zisuuzwe.

Kasoro yake kubwa ni kwamba hakuna hatua ya kusuuza. Maelekezo yanasema ufute kwa kitambaa tu, lakini kitambaa huacha sehemu ya sabuni na uchafu mle mle. Baada ya nyimbo mbili tatu utaona uchafu wa kijivu umeganda kwenye ncha ya sindano, na sauti inafifia. Mimi napunguza dawa ya kuoshea inayotiwa majini hadi nusu ya kipimo kilichoandikwa, kisha nasuuza kwenye chombo cha pili chenye maji matupu yaliyokenekwa. Kitambaa kifuate mzunguko wa mifereji, kisiikate. Halafu simamisha santuri kwenye rafu ya kukaushia sahani, mbali na feni, maana feni huirushia vumbi. Ikikauka kabisa, itie kwenye mfuko mpya wa ndani. Kuirudisha kwenye karatasi kuukuu ni kazi bure.

Santuri za kasi ya 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, zina masharti yake. Nyingi ni za shelaki (utomvu mgumu wa wadudu), na spiriti huyeyusha shelaki, kwa hiyo soma kwanza viambato vya dawa. Zioshe haraka, uzikaushe papo hapo.

Usitarajie muujiza kwenye mikwaruzo. Kuna kipimo rahisi kwa santuri ya kasi ya 33⅓: mlio unaorudi kila baada ya sekunde 1.8, yaani kila mzunguko mmoja, kwa kawaida ni mkwaruzo, na maji hayataufuta. Mlio wa ovyo ovyo, usio na mpangilio, mara nyingi ni uchafu, na hapo ndipo beseni linapolipa gharama yake. Sauti inayokwaruza kwenye vilele vya uimbaji, hasa nyimbo za karibu na lebo, huenda ni mifereji iliyolika. Nayo haioshwi ikapona.

Santuri iliyopinda huyumba kati ya brashi, ikaguswa kwa nguvu upande mmoja na kurukwa mwingine. Brashi zenyewe hulala nywele kwa matumizi, kwa hiyo kabla ya kununua hakikisha za akiba zinauzwa peke yake.