Seti ya rangi nne za watoto: nyota nne, zambarau imetushinda

Wazazi na walimu wenzangu wa chekechea, hii seti ya vikopo vinne vya rangi za maji (nyekundu, njano, buluu na nyeupe) nimeitumia muda sasa na watoto wa miaka mitatu mpaka mitano. Inunueni tu, ila someni kwanza habari ya zambarau maana hapo ndo pana kasheshe.

Watu wengi wakiona boksi la rangi nne wanahisi wamepunjwa, wanakimbilia lile lenye rangi kibao. Mi kwa mtoto mdogo naona ni kinyume kabisa, lile boksi kubwa kijani imo, chungwa imo, kahawia imo, sasa mtoto anajifunza nini zaidi ya kuchomoa? Crayola wenyewe, wale watengeneza krayoni wa Marekani, walipoanza kuuza krayoni zao 1903 boksi lilikuwa na nane, lile la 64 limekuja 1958, na hapo katikati watoto walikuwa wanachora kama kawa.

Utamu wa hii seti ni kuchanganya. Mwekee mtoto njano kwenye kisahani na tone la buluu pembeni halafu nyamaza, usimwambie kitakachotokea. Atakoroga, mwanzoni inatoka michirizi michirizi, njano huku buluu kule, anaendelea kukoroga tu, mara kijani hiyo. Kuna mmoja alisimamisha kazi, akageuza brashi akaichungulia kwenye nywele kabisa, akaniuliza "nani kaiweka humu?" Ukishaona ile sura huhitaji tena kumkaririsha mtoto kwamba njano na buluu ni kijani, hasahau huyo. Ila anza na njano nyingi ndo uongeze buluu kidogo kidogo, maana buluu ina nguvu, ukianza na buluu utamwaga kopo zima la njano na kijani usiione. Pinki hivyo hivyo, nyekundu ndo inafuata kwenye nyeupe, tone moja linatosha.

Sasa zambarau. Kijitabu kinaonyesha nyekundu na buluu zinatoa zambarau safi inayong'aa, jamani hakuna kitu kama hicho kwenye hivi vikopo. Inatoka kitu cha kahawia kama tope. Sababu ni kwamba nyekundu yao inaelekea kwenye chungwa, yaani tayari ina unjano ndani yake, ukiipeleka kwenye buluu ni kama umechanganya nyekundu, njano na buluu, na zote tatu zikikutana lazima zififishane. Dawa yake ni majenta, ile pinki kali wanayotumia watu wa uchapaji, hiyo na buluu inatoa zambarau ya ukweli, na majenta hiyo hiyo ukiichanganya na njano unapata nyekundu pia, kwahiyo wangeongeza kikopo kimoja tu cha majenta mambo yangekuwa sawa. Kwa sasa mi naongeza nyeupe kwenye lile tope angalau uzambarau uonekane kidogo, inatoka imepauka lakini watoto wanaikubali, tena wanaipenda kuliko mimi.

Nyeusi haimo na kuna wazazi wanalalamika eti nywele zitachorwa na nini, mi nimefurahi kweli. Mtoto wa miaka mitatu ukimpa nyeusi ndani ya dakika chache karatasi yote nyeusi. Rangi ya giza waitengeneze wenyewe kwa zile tatu, mbona inatoka vizuri tu.

Vikopo vina mdomo mpana na hapo wamekosea, vinamwita mtoto achovye. Brashi yenye buluu ikiingia kwenye njano mara moja basi njano hiyo imekwisha, inageuka kijani chafu na haina kurudi. Usiwawekee kopo mezani, wewe ndo mchotaji, wao wapewe kwenye sahani, na maji yawe kwenye makopo mawili, la kusuuzia na la maji safi.

Brashi zilizokuja nazo sitaki hata kuziongelea, nyembamba, mpini mrefu, mtoto anashika brashi kwa ngumi sasa ule mpini si unamwingia mwenzake jichoni. Na zinanyonyoka nywele. Tafuta fupi nene au tumia sponji na vidole.

Usalama uko poa, lebo ina EN 71 ambacho ni kiwango cha Ulaya cha usalama wa vitu vya kuchezea, kinabana mpaka kiasi cha metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu, na hilo ni la kuangalia kwenye seti yoyote kwa sababu wa miaka mitatu lazima ataonja. Kwenye mikono na meza inatoka kwa maji tu. Kwenye shati jeupe nyekundu inabakiza alama usipowahi kuliloweka.

Kile kijitabu wekeni kabatini. Eti mtoto ajaze tufaa rangi asitoke nje ya mstari, wakati wa miaka mitatu ndo kwanza anazungusha miduara na wa minne mtu wake ni kichwa chenye miguu inayotokea kidevuni, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, usimsahihishe. Halafu wameweka duara la rangi lenye vipande kumi na viwili, Newton mwenyewe, yule mwanasayansi aliyepanga rangi za mwanga kwenye duara, duara lake la 1704 lina saba!

Nyeupe ndo inaisha mapema kuliko zote kwa sababu kila mtu anataka pinki, na vikopo vyote wamevifanya saizi moja. Mwenye watoto wengi anunue nyeupe ya ziada siku hiyo hiyo, ya kampuni yoyote, ila iwe ya maji maana ya mafuta haichanganyiki na hizi.