Nilitafuta kikao cha AA Nairobi, nikakutana na kitabu cha wageni

Nianze na kitabu cha wageni, maana hayo mengine yote yangevumilika.

Alcoholics Anonymous (AA), kundi la watu wanaosaidiana kuacha pombe, ilianza Marekani mwaka 1935, na tangu hapo wenyewe wanajulikana kwa jambo moja: ukiingia kwao, majina yako kamili hayamhusu mtu. Hakuna fomu, hakuna ada. Kinachotakiwa ni uwe unataka kuacha pombe, basi. Sasa mtu anieleze, kundi la namna hiyo linakutania vipi ndani ya ua wa kanisa (silitaji) ambao huingii mpaka uandike majina mawili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, na mwisho kabisa, sababu ya kuja?

Soja aliniuliza, "Mkubwa, unaenda kwa nani?" Nikamwambia nina mkutano. "Mkutano gani? Leo kuna wa wazee wa kanisa, kuna kwaya, na kuna ule wa walevi." Kwa sauti ile ya kuita matatu. Nyuma yangu walisimama akina mama wawili na vitabu vyao vya nyimbo. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana simu ya kutazama. Nikasema huo wa tatu. Akanipokonya kalamu, akaniandikia mwenyewe kwa herufi kubwa: WALEVI.

Na hapo juu ya jina langu yalikuwepo majina ya wiki iliyopita, kila moja na WALEVI wake ubavuni, yeyote anayepita asome. Moja nalijua. Mwenyewe namwona kazini kila siku ya Mungu. Sikuwahi kumdhania, wala haikuwa haki yangu kujua.

Nilitaka kugeuza nirudi nyumbani. Lakini kitambulisho kilikuwa kimeshabaki kwa soja, na kukirudia pale pale mbele ya wale akina mama ilikuwa aibu ya pili, nikaona heri niingie.

Kufika tu hadi hapo kulikuwa kumenichosha. Orodha niliyotumiwa na rafiki ilikuwa ya zamani. Nambari ya kwanza ilipokelewa na dada anayeuza kuku wa kienyeji, na nasema kweli, huyo ndiye aliyekuwa na adabu kuliko wote niliozungumza nao siku hiyo. Ya pili, mteja hapatikani. Aliyeninyooshea njia ni mtu wa 1192, ile simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Haya, ndani. Viti vya plastiki, chupa ya chai, mandazi yaliyopoa. Mzee mmoja akataja jina lake moja tu, akasema yeye ni mraibu wa pombe, akaanza kusimulia mishahara yake ilivyokuwa ikiishia njiani. Hakuna aliyemkatiza. Hakuna aliyemshauri. Alipomaliza wakamwambia asante, akafuata mwingine. Mimi nimehubiriwa na mke, na kaka zangu, na pasta, hadi na mkubwa wangu kazini kwa barua. Hapo nilikaa kipindi kizima bila mtu kunifundisha maisha. Hilo sijalipata kwingine, na hata wale niliowalipa hawakunipa. Kofia ikapita watu watie walicho nacho, mgeni halazimishwi.

Basi hasira ikaanza kushuka. Ikapanda tena kwenye chai, nilipomuuliza yule mzee kwa nini wanaukubali upuuzi wa getini. "Ndugu yangu, sisi hapa ni wapangaji." Kodi inatoka kwenye ile kofia, hawachukui pesa za nje, hawajiungi na kanisa wala serikali, kwa hiyo hawana sauti juu ya soja wa mtu. Mkubwa pia hawana. Anayeshika ufunguo leo, kesho anampa mwingine. Inapendeza sana mnaposikilizana, lakini mwenye malalamiko ayapeleke kwa nani? Mzee akacheka. Yeye miaka yote huandika "kwaya", na kuimba hajui.

Sikucheka. Mzee anajua aandike nini. Anayekuja mara ya kwanza, mikono inamtetemeka, atajuaje? Kikao ni cha jioni, na sheria ya pombe ya 2010, hiyo tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, inaziruhusu baa kufungua kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi. Iko moja ng'ambo ya barabara, inaonekana vizuri kabisa kutoka pale getini. Haina kitabu. Unaingia tu, unakaribishwa kama shemeji.

Nilikusudia kuandika msiende. Nimeifuta hiyo mara kadhaa, kwa sababu nimesharudi, na nitarudi. Nendeni. Ila piga simu kwanza, na usiulize saa ya kikao pekee, uliza na habari za geti, uliza wanaandika nini.

Na kama kuna anayejua kikao upande wa Thika Road ambacho mtu anaingia bila kuandikwa popote, aseme jamani. Kiwe kile cha wazi, anachoruhusiwa hata asiye mraibu, maana mke wangu ameniambia safari hii tunakwenda wote.