Marcus Garvey ya Burning Spear: albamu ya rege ambayo kila mtu aisikilize yote

Kama unapenda rege na hujawahi kutulia ukasikiliza Marcus Garvey ya Burning Spear toka mwanzo mpaka mwisho, naomba ufanye hivyo wiki hii, ni nyimbo 10 tu, nusu saa na ushee, na hakuna hata moja ya kuruka. Mimi kwangu hii iko juu ya albamu zote za rege za miaka ya 70, hata zile za Bob Marley, najua hapo wengi watanirukia lakini ndio msimamo wangu na siubadilishi.

Ilitoka 1975. Wakati huo Burning Spear lilikuwa kundi la watu watatu, Winston Rodney anaongoza, Rupert Willington na Delroy Hinds wanaitikia. Na jina lenyewe linatuhusu sisi huku kabisa, maana Rodney alilitoa kwa Mzee Jomo Kenyatta, ndivyo alivyokuwa akiitwa enzi za kupigania uhuru. Rodney mwenyewe ni wa St. Ann's Bay huko Jamaica, mji uleule alikozaliwa Marcus Garvey, yule mpigania haki za watu weusi, mwaka 1887, kwa hiyo hapa anamwimba mtu wa kwao na unasikia kabisa kwamba linamuuma. Kwenye Old Marcus Garvey anataja wakubwa wa Jamaica wanaozungumziwa kila siku, Paul Bogle, Norman Manley, Bustamante, halafu anauliza mbona mzee Garvey hakuna anayemkumbuka. Hapigi kelele. Anarudia maneno machache tu, polepole, kama mwanaukoo aliyesimama kwenye kikao kudai haki ya marehemu wake, mpaka yanakuingia.

Sasa tuje kwenye bendi, maana hapo ndipo penye utamu. Prodyuza ni Jack Ruby, jina lake halisi Lawrence Lindo, jamaa wa Ocho Rios aliyekuwa na saundi sistimu yake, yaani mitambo na spika kubwa za kupigia watu santuri, na wimbo wa Marcus Garvey mwanzoni aliutaka uwe wa kupigwa kwenye saundi hiyo tu, ila watu walivyoupokea ikabidi autoe. Akakusanya wapigaji akawaita Black Disciples wakarekodi studio ya Randy's pale Kingston, na hao wapigaji jamani ni moto. Besi wako wawili, Robbie Shakespeare na Family Man Barrett wa Wailers, bendi ya Bob Marley, na Family Man ndiye aliyemfundisha Robbie kupiga besi, yaani mwalimu na mwanafunzi wake albamu moja! Dramu ni Horsemouth Wallace, magitaa Chinna Smith na Tony Chin, kinanda yumo Tyrone Downie. Halafu wapulizaji, Bobby Ellis tarumbeta na Vin Gordon tromboni, wote wamepitia Alpha, ile shule ya masista iliyotoa wapulizaji kibao Jamaica, na saksafoni ni Herman Marquis na Dirty Harry Hall.

Hao wapulizaji ndio wameibeba hii albamu kwa maoni yangu. Sikiliza wimbo wa kwanza wanavyoingia wote kwa pamoja kabla Rodney hajafungua mdomo, sauti nzito, ina huzuni lakini imesimama wima. Akianza kuimba kwamba maneno ya Garvey yametimia, watu hawana chakula wala hela, tayari umeshaamini. Halafu Slavery Days, ambayo karibu wimbo mzima ni swali moja, mnakumbuka siku za utumwa? Wale wawili nyuma wanaitikia, besi haiongezi mbwembwe yoyote, na swali linarudi tena na tena. Mimi hapo huwa naacha kila kitu.

Kitu kimoja kinaniudhi. Kampuni ya Island Records walipoichukua kuiuza nje waliimiksi upya, wakaisafisha ili iwe laini kwa masikio ya Wazungu, na mashabiki wengi walilalamika. Nakubaliana nao, muziki wa namna hii ulitakiwa kuachwa na ukali wake. Pamoja na hayo bado haijapoteza nguvu, nyimbo zenyewe ni imara mno.

Mwaka 1976 ikafuata Garvey's Ghost, nyimbo zilezile zikiwa dub, sauti nyingi za kuimba zimetolewa, zimebaki besi, dramu na mwangwi. Kuna CD yenye albamu zote mbili pamoja, ukiiona nunua hiyo, usinunue moja moja. Na tafadhali usisikilizie spika ya simu, besi yote inapotea na hutaelewa tunasifia nini, tafuta hedifoni nzuri au redio yenye spika kubwa. Anza na Slavery Days, ikiisha nenda moja kwa moja kwenye I and I Survive ambayo ni dub yake, uwasikie vizuri wapigaji waliokuwa nyuma ya Rodney muda wote huo.